Kazi ya Tezo Baada ya Kazi ya Kalamu

(Maneno ya hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Kakonko)



Katibu aliponiandikia barua alinitaka niseme juu ya maisha ya mtumishi baada ya kustaafu. Jambo hilo ni pana, na wengine wenye elimu ya fedha wamekwisha kulieleza hapa vizuri: habari za mafao, za mkupuo, na za pensheni ya kila mwezi. Mimi sitarudia hayo. Nataka kusema juu ya jambo moja dogo nilijualo kwa macho yangu, nalo ni mizinga ya nyuki aichongayo baba yangu mzazi, ambaye alikuwa karani kama sisi, na sasa ni mchonga magogo.

Naona baadhi yenu mwatabasamu. Ngojeni kidogo.

Desturi ya kukutana na kusomeana hotuba si mpya kwa watu wa kalamu. Mwaka 1922, huko Tanga, watumishi Waafrika wa serikali wakiongozwa na Martin Kayamba waliunda chama chao, na moja la makusudi yake lilikuwa kuelimishana. Basi, tangu siku hizo karani amejua ya kuwa mshahara peke yake hautoshi kumfanya mtu. Yampasa pia awe na jambo la kuzungumza na wenzake. Nami leo naleta gogo.

Tuanze na tarehe. Kwa sheria za utumishi wa umma wa Tanzania, mtumishi aweza kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na kwa lazima akitimiza miaka 60, isipokuwa wachache waliowekewa umri mwingine. Kila mmoja wetu alijaza tarehe yake ya kuzaliwa siku ile ile alipoingia kazini. Kwa hiyo tarehe ya kutoka iliandikwa pamoja na tarehe ya kuingia. Sijui safari nyingine ambayo siku yake hujulikana miaka 30 mbele, na msafiri asifunge mzigo hata usiku wa mwisho.

Baba yangu alikuwa karani wa mahakama. Alitumikia katika wilaya kadha wa kadha, akilala katika nyumba za serikali, akitunza majalada, akiandika mienendo ya kesi kwa mwandiko uliosifiwa. Alistaafu mwaka 2013, yaani mwaka mmoja baada ya Kakonko kutengwa na Kibondo na kufanywa wilaya. Akarudi nyumbani akiwa na afya njema, deni halimdai, na nyumba ya matofali imekwisha ezekwa. Kwa hesabu za dunia, alistaafu vizuri.

Lakini mwaka ule wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko tulivyodhani. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, akaketi kibarazani akitazama njia. Ilipofika saa nne aliuliza kama chai imekuja. Mchana alisoma gazeti la juma lililopita, kisha akalisoma tena. Akaanza kupanga upya vyungu vya mama na kuuliza kwa nini sufuria haikurudishwa mahali pake. Mama akacheka, ingawa kicheko chenyewe hakikuwa na furaha nyingi, akasema, "Nyumba yangu imeletewa mkaguzi." Ninyi mliokaa na mstaafu mwayajua haya. Mtu huyu si mgonjwa, wala hana njaa. Amekosa jambo moja tu, nalo ni kazi ambayo asipoifanya yeye haitafanyika.

Msaada ulikuja kwa njia ya upepo. Mti mkubwa wa mninga uliokuwa mpakani mwa shamba letu uliangushwa na dhoruba ya masika. Jamaa walikwenda kuupasua mbao, naye baba akaomba kipande kimoja cha shina, urefu wake kadiri ya mita moja na robo. Akaazima tezo kwa ndugu yake. Alipoulizwa ataka kufanya nini, alisema ataka kuona kama mikono yake bado yakumbuka, maana alipokuwa mtoto alikuwa akimshikia babu yetu kabari.

Hapa sina budi kueleza kidogo, kwa ajili ya wanachama waliohamia kwetu kutoka mikoa mingine. Nchi hii ya Buha, tangu Kasulu hata Kibondo na Kakonko, yapakana na misitu mikubwa ya miyombo, na nyuki ni mali yake ya kale. Miyombo mingi huchanua kabla ya mvua kuanza, wakati ambapo nchi ingali kavu, na mingine huchanua mvua zinapokaribia kwisha. Kwa hiyo nyuki hupata chakula zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kabla ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914, na baadaye pia, nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotoka katika nchi yetu kwenda Ulaya. Katika miaka ya 1930, kwa ajili ya ugonjwa wa malale, serikali ya Waingereza ilihamisha watu wa sehemu nyingi za Buha na kuwakusanya katika makazi makubwa. Mwenye mizinga porini akajikuta yuko mbali nayo. Tena vijana wengi walikwenda mbali kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge. Hata hivyo kazi ya kuchonga haikufa, kwa sababu haikuhitaji duka wala mtaji. Ilihitaji gogo, chuma na subira.

Jina lenyewe lafaa kufikiriwa. Kwa Kiswahili twasema mzinga, na neno hilo hilo hutumika kwa silaha ile kubwa ya vita. Sababu yake si ngumu kuona: vyote viwili ni vitu virefu, vya mviringo, vilivyo tupu ndani. Majirani zetu Warundi nao huita nyumba ya nyuki umuzinga. Kitu kimoja, umbo moja. Kimoja hutema moto, kingine hutoa asali. Tofauti ni kile kilichotiwa ndani.

Mzinga wa gogo huchongwa hivi. Shina hukatwa kwa urefu utakiwao, kisha hupasuliwa katikati kwa kabari, kufuata mshipa wa mti, upate vipande viwili vilivyo sawa. Kila kipande hukombwa kwa tezo mpaka ukuta ubaki unene wa vidole viwili hivi. Ukizidisha unene, mzinga ni mzito na hautundikiki. Ukipunguza, jua la mchana hupenya na kuyeyusha masega. Mti mbichi hukombeka upesi lakini hupasuka ukikauka, kwa hiyo mchongaji mwenye akili huuacha kivulini wala haufululizi kwa siku moja. Mwisho vipande viwili hurudishwa pamoja na kufungwa imara, tundu dogo huachwa kuwa mlango, na ndani hupakwa nta ili kuwe na harufu ya kuwavuta wageni. Kisha mzinga hutundikwa mtini, mbali na siafu na mbali na nyegere, ambaye ni mwizi hodari wa asali.

Nimesoma ya kuwa huko Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, wazee wengi waliostaafu hujifurahisha kwa kuchonga vijumba vya mbao vya ndege. Huvitundika bustanini, ili ndege wadogo wanaotaga katika matundu ya miti wapate mahali, maana miti mikuukuu yenye matundu imepungua. Hata ukubwa wa mlango umepimwa: milimita 25 kwa ndege mdogo wa aina moja, 28 kwa mwingine, na 32 kwa shorewanda wa nyumbani. Wazungu hao na baba yangu hawajuani, lakini kazi yao ni moja. Kila mmoja amwandalia kiumbe mwenye mabawa nyumba ya mti, kisha huondoka na kungoja. Wala hapana hata mmoja awezaye kumshika mgeni wake kwa nguvu na kumwambia, "Ingia."

Jambo hili, Bwana Mwenyekiti, ndilo kiini cha maneno yangu. Kwa miaka yote ya utumishi, kazi ya karani huhukumiwa na mkubwa wake. Mkubwa huyo aweza kuwa mwenye haki, na aweza kuwa amelala vibaya. Barua nzuri yaweza kurudishwa, na barua mbovu yaweza kutiwa sahihi. Nasi twajifunza, pole pole, kumtazama mkubwa kuliko kuitazama kazi. Mstaafu anapoondoka ofisini huondoka na desturi hiyo moyoni, akitafuta mtu wa kumwambia kwamba amefanya vema. Asipomwona, hudhani kwamba hafanyi kitu.

Nyuki hawana cheo. Hawasomi wasifu wa mtu, wala hawajui kama mchongaji alikuwa karani mkuu au tarishi. Wataalamu wamechunguza jinsi wanavyochagua nyumba. Mjerumani Martin Lindauer, mwanafunzi wa Karl von Frisch, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliandika mwaka 1955 habari za kundi la nyuki lililotoka katika nyumba yake ya zamani. Baada yake Thomas Seeley wa Marekani aliendeleza uchunguzi huo kwa miaka mingi. Walieleza kwamba kundi likiwa limening'inia tawini, nyuki wapelelezi kadiri ya mia kadhaa huruka kutafuta mahali. Mpelelezi akiona tundu, huingia na kutembea gizani pande zote, kana kwamba anapima kwa miguu yake. Kisha hurudi na kucheza ngoma juu ya migongo ya wenzake, na ngoma hiyo huonyesha upande na umbali. Nyumba ikiwa njema, hucheza sana. Ikiwa hafifu, hucheza kidogo. Wenzake hawamwamini kwa maneno matupu. Huenda wenyewe kukagua. Mwishowe wote hukubali mahali pamoja na kundi lote huruka. Seeley aliona ya kwamba nyuki aliowachunguza huko Marekani hupenda nafasi ya lita 40 hivi, yenye mlango mdogo, iliyo juu ya ardhi. Tundu la lita 10 huwa finyu mno kwao, na la lita 100 kubwa mno.

Angalieni basi, wanachama wenzangu, mkutano huo: hauna mwenyekiti, hauna katibu, wala hauna posho ya kikao, na bado huamua vema.

Baba alipoupata mzinga wake wa kwanza umeningʼinia mtini, alingoja siku nyingi. Hapana aliyeingia. Akaushusha, akautazama, akaona mlango ni mkubwa. Akaufanya mdogo kwa kipande cha mti, akaupandisha tena. Mvua zilipokaribia, asubuhi moja mama alisikia uvumi mkubwa ukipita juu ya paa. Jioni yake mzinga ulikuwa na walinzi mlangoni. Baba hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoa daftari jipya, akachora mistari.

Daftari hilo ninalo ruhusa ya kulieleza. Ninyi mwajua methali ya mali bila daftari hupotea bila habari. Karani ni karani hata porini. Kuna safu ya namba ya mzinga, safu ya aina ya mti, tarehe ya kumaliza kuchonga, mahali ulipotundikwa, tarehe nyuki walipoingia, na mwisho safu iliyoandikwa "Sababu". Safu hiyo ya mwisho hujazwa kwa mizinga iliyobaki mitupu au iliyohamwa. Imeandikwa humo: "ufa upande wa kusini", "siafu", "jua kali mchana", "sababu haijulikani, chunguza". Nimeona majalada mengi katika kazi yangu, lakini sikuona mengi yasemayo ukweli kwa maneno machache namna ile.

Sasa nisimulie ugomvi, maana pasipo ugomvi mngedhani natunga ngano.

Habari zilipoenea kijijini kwamba karani mstaafu ashinda kutwa akipiga tezo chini ya mwembe, maneno yalianza. Jirani mmoja alisema wazi mbele ya watu, "Wana wa mzee yule wana mishahara ya serikali, naye achonga magogo kama mtu asiyezaa. Wamemtupa." Mwajua uzito wa maneno hayo kwetu. Mtoto anaweza kuvumilia kuambiwa ni maskini, lakini kuambiwa kwamba amemtupa baba yake ni jambo jingine. Ndugu yangu mkubwa, aliyeko Mwanza, alikasirika sana. Akatuma fedha kwa simu, akasema mzee apumzike, na ile tezo irudishwe kwa mwenyewe. Aliongeza hoja ya haki kabisa: mtu aliyepita miaka 60 apandaye mti usiku, mkono mmoja ameshika mwenge wa moshi, anaomba kuanguka.

Ikaitwa kikao cha ukoo. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kusikiliza mahakamani. Kisha akasema, "Wanangu, nashukuru. Fedha yenu yanilisha, wala siikatai. Lakini fedha haiwezi kuniamsha alfajiri. Mnasema nipumzike. Nilipumzika mwaka mzima pale kibarazani, na mama yenu ni shahidi jinsi nilivyopumzika." Mama hakusema neno, ila alitazama chini, na mabega yake yalitikisika kwa kicheko. Baba akaendelea, "Kuhusu mti, mna haki. Sitapanda tena. Nitafutieni miguu michanga, nami nitabaki na mikono."

Yakaandikwa hivyo. Naam, aliandika muhtasari wa kikao, akatusomea, akatutia sahihi wote, hata yule wa Mwanza aliposhuka likizo. Nakala moja imo ndani ya daftari.

Miguu michanga ikawa ya mjukuu wake, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na ambaye alikuwa amekaa nyumbani mwaka wa pili akingoja ajira. Mwanzoni kijana aliona haya. Alisema wenzake watamcheka, kwa kuwa mzinga ni kazi ya watu wasiosoma. Babu hakumhutubia. Alimpa shoka, akamwonyesha gogo. Mzinga wa kwanza wa kijana ulipasuka ubavuni kwa sababu ya haraka, na nyuki hawakuingia. Babu akafungua daftari, akaandika namba, na katika safu ya mwisho akaandika, "ufa, mti haukupumzishwa". Hakuongeza tusi wala sifa. Kijana alisoma maneno hayo mara nyingi kuliko alivyosoma cheti chake. Wa pili akauchonga kwa majuma matatu. Nyuki wakaingia, na tarehe ya kuingia akaiandika yeye mwenyewe, kwa mwandiko mbaya; na huo ndio mwandiko pekee mbaya katika daftari lile ambao mzee hajausahihisha.

Yako maswali mawili ambayo wanachama wenye busara watayauliza, nami nayajibu mapema.

La kwanza ni la miti. Wako wasemao kwamba mizinga ya asili huharibu misitu, na katika neno hili mna ukweli. Mzinga wa gome huua mti, maana gome likivuliwa kuzunguka shina lote, chakula hakishuki mizizini na mti hukauka. Mzinga wa gogo nao hutaka shina zima. Siku hizi miti karibu na miji yetu imepungua kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa. Kwa sababu hiyo baba alijiwekea sharti, kwamba hakati mti uliosimama. Hutumia mti ulioangushwa na upepo, au shina lililobaki shambani kwa jamaa, na penye kuhitaji kibali huomba kibali, kwa barua, na nakala huihifadhi. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki tangu mwaka 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Mtumishi mstaafu akivunja sheria aliyoinukuu kwa mkono wake maisha yote, atasema nini?

La pili ni la mizinga ya kisasa. Mmarekani L. L. Langstroth alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1852, kwa mzinga wa sanduku wenye fremu zinazotolewa bila kuvunja masega. Baadaye ukaenea kwetu mzinga wa bei nafuu zaidi, wenye viunzi vya mbao vilivyopangwa juu, na nyuki hujenga sega moja chini ya kila kiunzi. Maafisa wa nyuki huusifu, nao wana sababu: mfugaji hukagua bila kuharibu, na hauhitaji shina zima la mti. Baba aliposikia, hakubishana. Alitoa rula yake ya ofisini, akapima kiunzi: milimita 32, ndicho kipimo kifaacho kwa nyuki wa Afrika. Kiunzi kikiwa kipana mno au chembamba mno, nyuki huunganisha sega na jirani yake, na faida yote hupotea. Sasa magogo yakikosekana hutengeneza mizinga ya mbao. Nikamwuliza ni ipi iliyo bora. Akasema, "Waulize waliomo ndani." Katika daftari aina zote mbili zina mizinga iliyojaa na mizinga mitupu, na safu ya "Sababu" haikumpendelea mzee wala kijana, ya kale wala ya kisasa.

Kabla ya kumaliza, niruhusuni niseme juu ya ndege mmoja, maana nimewataja ndege wa Ulaya na wetu wasije wakanung'unika. Yuko katika misitu yetu ndege yule aongozaye watu penye asali. Humwita mtu kwa sauti yake, huruka mti hata mti, mpaka afike penye nyuki. Mtu akikata asali, ndege hupata nta na majana, maana tumbo lake huweza kuimeng'enya nta. Jambo hili si hadithi ya bibi. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya pamoja na Wayao katika pori la Niassa, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Walionyesha kwamba mwindaji wa asali akipiga mlio ule aliorithi kwa baba zake, nafasi ya kuongozwa na ndege hupanda kutoka kadiri ya 33 katika 100 hata 66 katika 100. Basi ndege na mtu husikilizana.

Lakini ndege huyu ana tabia moja ambayo baba hupenda kuitaja akiwa na watumishi wenzake. Hajengi nyumba. Hutaga mayai yake katika matundu ya ndege wengine, akawaachia kulea. Ajua nyumba zote za msitu, huwaonyesha watu nyumba za wengine maisha yake yote, na yeye mwenyewe hana hata moja. Baba husema, "Nilipokuwa nahama kutoka nyumba ya serikali hii kwenda ile, nikiandika hukumu za viwanja vya watu, nilikuwa ndege huyo." Nami nawatazama wenzangu mliomo humu, wenye nyumba za serikali na wenye za kupanga, na sisemi zaidi.

Sikuja kuwaambia mchonge mizinga. Mwingine kazi yake yaweza kuwa kushona, mwingine kupanda michungwa, mwingine kufundisha watoto wa jirani hesabu. Lakini nimeona mambo matatu, nayo nayaacha mezani. La kwanza, kazi hiyo ianze kabla ya tarehe ile. Baba aliokolewa na upepo na kumbukumbu ya utotoni, na si kila mtu ataangukiwa na mti wa mninga. La pili, iwe kazi yenye mwamuzi asiyeweza kubembelezwa, kama nyuki, au udongo, au mtoto anayejifunza kusoma. Maana penye mwamuzi wa namna hiyo mtu huendelea kujifunza hata uzeeni. La tatu, iwe kazi yenye nafasi ya mtu mwingine, kijana wa kupanda mti ambao mzee hawezi kuupanda tena. Kazi ya kalamu tuliirithishana kwa majalada. Kazi ya tezo hairithiwi ila kwa kukaa pamoja.

Mtauliza habari za jirani yule. Baba alimpelekea asali ya mavuno ya mwaka uliofuata, chupa moja, akaipokea kwa mikono miwili. Bado husema kwamba tumemtupa mzee wetu. Asali alikula yote.

Mzee ameniagiza salamu. Amepita miaka 70 sasa, na kila Jumamosi asubuhi yuko chini ya mwembe. Mwanachama atakaye kujifunza akaribishwa, awe amebakiza miaka 20 ya utumishi au siku 20. Asema mje na tezo yenu, kwa kuwa ile aliyoazima alikwisha irudisha kwa mwenyewe, kama ndugu yangu alivyotaka, na hii aliyo nayo sasa ameinunua kwa pensheni.